Wifi Yangu Alipochagua Dume

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani kabla ya kuwa mfugaji, na ushonaji haukumtoka. Akienda kukagua dume la ng'ombe, futi ya kushonea ilikuwa shingoni. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, wakambandika jina la Mama Futi. Mimi sikucheka sana, kwa sababu futi ileile ndiyo aliyonipimia kiuno alipokuwa ananishonea gauni la harusi.

Alianza na majike wanane wa kienyeji, wadogo, wagumu kama mizizi. Mumewe alipofariki akakodi malisho, akanunua dume mwekundu mkubwa wa kigeni, akawachanganya. Machotara waliozaliwa walikua kama wametiwa hamira. Aliandika kila ndama kwenye daftari: mama nani, baba nani, kazaliwa lini. Baada ya miaka minne binti za yule dume walikaribia kupandwa, na wifi hakutaka baba awapande binti zake. Basi akamkabidhi mume wangu, mdogo wake wa tumbo moja, ampeleke machinjioni.

Hakupelekwa. Alikaa zizini kwetu, anapanda majike wetu na kunenepa. Nilipouliza, mume wangu alijibu, "Dada anajua. Tulishakubaliana." Kwetu ni safari ya nusu siku kutoka kwa wifi, na mambo ya ndugu wawili sikupenda kuyachokonoa.

Kwa miaka kadhaa wifi alitumia mbegu za mrija, za kupandisha bila dume, anazoleta bwana mifugo. Nusu ya majike hawakushika. Ikabidi atafute dume tena, na alikuwa na machotara kumi na wanne, wote binti za yule mwekundu. "Wifi, hawa ndio uzee wangu," aliniambia. "Nikikosea dume mmoja, nimeharibu miaka kumi."

Mume wangu akamwambia tunaye dume kijana wa miaka miwili, mzuri sana, aje amwone.

Alikuja asubuhi, futi shingoni. Hakuwa na papara. Alimfanya dume atembee huku yeye kasimama nyuma yake, aone kama kwato za nyuma zinakanyaga pale pale zilipokanyaga za mbele. "Dume mwenye miguu mibovu ni bwana harusi mvivu," alisema. "Atakula chakula cha watu bure." Akampima kifua. Kisha akainama, akazungusha futi kwenye korodani, na wachungaji wetu wote wakagundua ghafla kwamba mawingu siku hiyo yalikuwa ya kutazamwa.

"Sentimita thelathini na sita," akasema. "Huyu ni mwanamume. Sasa nionyesheni mama yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Dume hanunuliwi mpaka mama yake aonwe. Tulimleta mama: jike wetu mweusi, mpole, chuchu nne zilizolingana, anayezaa kila mwaka. Wifi alimkagua karibu saa nzima, akamshika kiwele, akamfungua kinywa. Aliridhika kabisa.

"Na baba?" akauliza, akiikunja futi.

"Dume wa kuazima," mume wangu akajibu. "Wa shamba la mbali huko, weusi watupu. Si damu yako, dada."

Wakati huo nilikuwa nimerudi jikoni; jibu hilo nilikuja kulisikia baadaye. Nililoona ni kwamba yule mwekundu alitolewa zizini alfajiri, akapelekwa kuchunga ng'ambo ya mto. Nilipouliza, niliambiwa siku hizi amekuwa mkali, asije akamuumiza dada. Ng'ombe yule alikuwa anadonolewa na kuku bila kugutuka! Nilipaswa kushtuka. Lakini mume wako akikuambia jambo kwa sauti ya kawaida, unaendelea kumenya viazi.

Wifi alimnunua dume yule kijana, na mwaka uliofuata ndama wakaanza kuzaliwa kwake. Wale wa majike wa kienyeji, wazee wale, walikuwa safi. Wa machotara walikuwa kitu kingine. Wembamba, wanatetemeka, wengine hawasimami mpaka jua la mchana. Wawili walikuwa na taya fupi la chini, wakashindwa kunyonya. Wifi aliwakamulia, akawanywesha kwa chupa wiki mbili, wakafa wote. Bwana mifugo alitaja ugonjwa, akatoa sindano. Wifi alitoa daftari. Alikaa nalo siku nzima, akaona kwamba kila ndama mbovu babu yake mzaa mama ni yule mwekundu, akaanza kushuku kwamba ndiye mzaa baba pia.

Alifika kwetu bila taarifa. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja mpaka zizi la nyuma, mimi nikimfuata na kikombe cha chai mkononi. Yule mwekundu alikuwa amelala anacheua. Wifi akaingia, akamshika sikio la kushoto, akaona yale mapengo mawili ya alama aliyoyakata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea.

Mume wangu akaja anakimbia. "Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Uliwaozesha wanangu kaka yao," alisema, na alikuwa anawasema ng'ombe, lakini machozi yalikuwa ya mtu. "Kumi na wanne. Mmoja mmoja nimewalea. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua usingemchukua."

"Ndiyo! Nisingemchukua!"

Miaka yote hiyo nilikuwa namlishia siri yake bila kujua kuwa ni siri. Wifi akanigeukia. Tumeitana wifi kwa miaka ishirini na miwili. Alinishika mkono nilipojifungua watoto wangu wote.

"Na wewe ulimwona hapa kila siku?"

"Nilimwona, wifi. Aliniambia unajua. Aliniambia mlikubaliana."

Nikamtazama mume wangu aseme. Neno moja tu lilitosha: ndiyo, nilimdanganya. Alikuwa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Dada, mimi nilitaka kukuambia," akasema hatimaye, bila kuinua uso. "Huyu ndiye aliyenikataza."

Wifi alinitazama kwa muda mrefu, mtu yule ambaye hata ng'ombe anamkagua kwa saa nzima. Nilisubiri aulize swali la pili. Hakuuliza. Alimshika mdogo wake begani, akamwambia amsindikize mpaka barabarani, na wote wawili wakanipita.