Ramani Mbili na Jiko la Mama Mdogo

Mimi ni mgonjwa wa ramani za simu. Si kwamba napotea ovyo. Safari zangu nyingi ni za kutoka Kiogoro kwenda kazini Kisii mjini na kurudi, njia ambayo ningeipita hata nikiwa nasinzia. Lakini hata hapo nawasha ramani, tena nawasha mbili. Nataka kujua ni ipi itatangaza nimefika kabla sijafika, na ni ipi itaniacha barabarani ilhali nimeshaketi mezani na kikombe changu cha chai.

Ya kwanza nimeibandika jina la Bi Sauti, kwa sababu huongea, na kila anachosema hukisema kwa uhakika mkubwa. Ya pili ni Bubu. Bubu haongei wala hahitaji mtandao, na amechorwa na watu wa kujitolea ambao sijui kama waliwahi kukanyaga Gusii. Siku moja ya soko pale Keumbu, Bi Sauti aliniambia nikate kushoto. Niliona wazi kwamba kushoto hakuna barabara, lakini nikakata, maana nilitaka kujua atakosea kwa kiasi gani. Gari lilisimama pua ikiwa imegusa fungu la ndizi mbichi. Mwenye ndizi alinitazama kwa utulivu akaniuliza kama ningependa kushuka au kuhudumiwa humo humo ndani. Kwa aibu nilinunua mkungu mzima, ingawa shambani kwa mama yangu ndizi huozea mgombani.

Bubu naye si malaika. Aliwahi kunipa njia ya mkato karibu na Keroka iliyogeuka kuwa kijia cha kuteka maji, nikarudi kinyumenyume mlima wote huku watu wakisimama kandokando kunipisha. Matokeo ya majaribio haya yote huyatuma kwenye kikundi chetu cha familia cha simu, ambako hakuna aliyewahi kuyaomba. Mke wangu huwaambia dada zake kwamba wenzake wanashindana na pombe, yeye anashindana na Bi Sauti.

Ugonjwa huu haukuwa na madhara hadi niliponunua tangi la maji.

Mama yangu anaishi peke yake upande wa Nyamira, ukishaiacha Keroka nyuma, kwenye mteremko wa chai na migomba. Nilimnunulia tangi la kukinga maji ya mvua, na dereva aliyelipeleka akafuata ramani hadi kwenye uwanja wa shule iliyo bondeni. Akalishusha hapo. Wanafunzi walilibingirisha hadi nyumbani kwa mama wakiimba, jambo lililomfurahisha sana mama na kuniudhi mimi. Niliona ni lazima nyumba ya mama iwekwe kwenye ramani, na iwekwe na mtu anayejua anachokifanya. Kwa bahati mbaya nilijiona kuwa mtu huyo.

Hapa inafaa nieleze tunavyoishi. Shamba la mama limepakana na la mama mdogo, mjane wa ndugu yake baba. Babu aliwagawia wanawe wawili kipande kimoja cha ardhi, na kati ya sehemu zao mbili hakuna ua wala waya. Kuna mti mmoja wa omotembe juu, mwingine chini, na kati yao kijia ambacho kijiji kizima hukitumia kwenda kanisani. Kulia kwa kijia ni kwa mama, kushoto ni kwa mama mdogo. Hao wawili huchuma chai pamoja. Leo wanaingia kwa huyu, kesho kwa huyu, na jioni wanabeba vikapu wakiongozana hadi kituo cha kupimia majani. Tangu wote wawili wafiwe na waume zao sijawahi kusikia mmoja amechuma peke yake, labda akiwa na mgonjwa.

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana. Nikasimama uani kwa mama, nikamwuliza Bi Sauti niko wapi. Kidoti cha buluu kilitua juu ya paa la jiko la mama mdogo. Nikasogea, nikazima, nikawasha. Bi Sauti alishikilia palepale, kwamba mama yangu anaishi jikoni kwa mama mdogo. Bubu akanionyesha nimesimama katikati ya migomba ya mama, upande mwingine kabisa. Mtu mwenye akili angecheka aingie ndani ale. Mimi nilirudi kwa Bi Sauti, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, nikaandika "Nyumbani kwa Mama" ili nisisahau Bi Sauti amekosea kwa umbali gani, kisha nikaenda kutafuta ushahidi zaidi.

Ushahidi niliuona kwenye kijia. Kijia kinaonekana kwenye picha ya Bi Sauti na kimechorwa pia kwa Bubu, kwa hiyo nilichohitaji ni kutembea hadi kila mmoja aseme niko juu yake, kisha nilinganishe na kijia chenyewe nilichokuwa nakikanyaga. Nilikata vijiti. Kila mahali Bi Sauti alipodai kwamba hapa ndipo kijia kilipo, nilichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Mahali pa Bubu nilichomeka chenye kitambaa cheupe. Vyekundu viliangukia ndani ya chai ya mama mdogo, na vyeupe vikaangukia kwenye migomba ya mama. Nilishuka na kupanda mteremko ule nikiwa nimeinamia simu, kila baada ya hatua kadhaa nikiiinua juu nione kama itabadili mawazo. Mama alinipitia akiwa na kuni, hakuuliza kitu. Baadaye aliniambia alidhani natafuta mtandao.

Mimi ni Mkisii. Nimezaliwa mahali ambapo shamba limegawanywa mpaka mtu akitaka kupanda mchicha anafikiria mara mbili. Kwetu mtu akionekana anatembea mpakani ameinamisha kichwa, watu huacha majembe wakamtazama. Akichomeka kijiti, watu huitana. Haya yote nayajua tangu utotoni. Lakini siku ile kichwani mwangu hamkuwa na shamba, mlikuwa na Bi Sauti na Bubu tu, na nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Jua likazama. Sisi ni Waadventista, na jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia. Nilitazama vijiti vyangu, nikajiambia kuving'oa ni kazi, na kazi siku ya Sabato mama hataki hata kuisikia. Vibaki mpaka Jumapili. Niliingia ndani kwa dhamiri safi kabisa, tukaimba na kuomba.

Basi vijiti vilisimama Sabato nzima, vyekundu na vyeupe, kandokando ya kijia ambacho kijiji kizima hupitia kwenda kanisani. Walipita wazee, walipita akina mama na watoto, ikapita kwaya. Tulipofika kanisani, mama mdogo alikuwa ameketi benchi la mbele na watu wengine. Kwa kawaida huketi na mama. Mama alininong'oneza kwamba huenda ana mafua na hataki kumwambukiza. Mimi nilikuwa nikiwaza jinsi nitakavyoandika matokeo.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya kuchuma kwa mama. Mama alichukua kikapu chake, akasimama chini ya omotembe akingoja. Alingoja mpaka umande ukakauka, kisha akaingia kwenye chai peke yake. Nilimwona kutoka dirishani na bado sikuelewa. Aliporudi kutoka kituoni na kikapu chake, ambacho siku hiyo hakikujaa hata nusu, hakukaa chini.

Aliniuliza kwa Ekegusii, polepole, ni nani aliyenituma kumpimia mama mdogo shamba. Nilicheka. Nikaanza kumweleza habari za Bi Sauti na Bubu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kituoni amenisalimu kama anavyomsalimu karani wa kupima majani. Wewe kesho unaingia kwenye gari lako unarudi Kiogoro. Mimi ndiye ninayebaki hapa na yeye."

 Mama yangu hana mtu mwingine wa karibu anayeweza kumwita akaitika. Usiku akishikwa na kikohozi, taa inayowaka ni ile ya ng'ambo ya kijia. Nilikuwa nimemnyang'anya mama mtu huyo kwa vijiti na vitambaa.

Nikaenda kwa mama mdogo. Alikuwa jikoni, moto unawaka, sufuria iko juu, na hakunipa chai. Katika maisha yangu yote sijawahi kuingia jiko lile nikatoka bila chai. Hapo ndipo mtu angesema samahani akanyamaza. Mimi nilitoa simu. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba nilikuwa napima simu, si shamba, nikamfungulia Bi Sauti. Kidoti kilikuwa juu ya paa lake, na juu ya kidoti maandishi yangu mwenyewe, "Nyumbani kwa Mama."

Mama mdogo amesoma. Alisogeza simu karibu na moto ili aone vizuri.

"Kwa hiyo simu yako inasema jiko langu ni la mama yako."

Nilisema hapana, hiyo imekosea, nikafungua haraka Bubu ili asawazishe. Bubu alionyesha kijia kimeingia kwenye migomba ya mama, maana yake sehemu ya migomba ya mama ilikuwa ya mama mdogo. Niliyasema haya kwa sauti, nikidhani nayatuliza mambo. Alinitazama kama mtu anayejiuliza huyu alisomeshwa na nani, na kwa kweli yeye ni mmoja wa walionisomesha, kwa chai ileile.

"Baba yako alipofariki," akasema, "ninyi mlikuwa wadogo na mama yako alikuwa amelala kitandani kwa huzuni. Kama ningetaka kuusogeza mpaka ule, ningeusogeza wakati ule. Sikuchukua hata mgomba mmoja. Sasa wewe ndiye umekuja na vitambaa."

 Niliona aibu ya kweli, si ile ya Keumbu ya kununua mkungu. Aliniambia nikaving'oe mwenyewe, mchana, watu wakiona. Niliving'oa kimoja kimoja, watu wakirudi kutoka kituoni wakapunguza mwendo ili wasikose kitu. Mama alisimama upande wake wa kijia, mama mdogo akasimama mlangoni kwake, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nikiwa nimeinama kwenye kijiti cha mwisho, simu ililia mfukoni. Bi Sauti alikuwa ananishukuru. Mchango wangu ulikuwa umekubaliwa, na sasa kila mtu angeweza kuiona "Nyumbani kwa Mama." Kumbe sikuihifadhi kwa ajili yangu peke yangu, niliitangaza. Nilijaribu kuifuta papo hapo, nikajibiwa kwamba ombi langu linachunguzwa.

Nikarudi Kiogoro. Nilizima ramani zote mbili. Kila nilipompigia mama simu nilimwuliza habari za chai, naye alijua ninachouliza. Alisema anachuma. Nikiuliza na nani, alisema anachuma tu. Siku moja aliniambia majani yamekomaa mengi, mkono mmoja hauyawezi, karani ameyatupa. Nilimwambia nitatafuta mtu wa kumlipa amsaidie. Akasema mtu wa kulipwa hajui hadithi zao, kisha akakata simu.

Mvua zikakaribia, na tangi lilikuwa bado limekaa uani bila gata, ile mifereji ya paani ya kulijaza. Nilinunua gata, nikampa kijana wa pikapu maelekezo kwa mdomo, mtindo wa zamani: ukishapita Keroka, teremka, ulizia omotembe wa chini. Nilimsihi asiguse ramani kabisa. Aliitikia vizuri, na bila shaka alipofika njia panda akafungua simu.

Alinipigia mchana.

"Mkubwa, nimefika. Ramani imeandika Nyumbani kwa Mama, lakini imenileta jikoni kwa mtu."

 Nikamwambia kwa hasira kwamba hiyo si nyumba ya mama, ramani imekosea, imekosea tangu zamani, atoke humo haraka aombe msamaha, avuke kijia, nyumba ya mama ni ile yenye tangi uani. Nilikuwa naona sura ya mama mdogo akitazama gata za mama zikishushwa mlangoni kwake. Nilikuwa tayari kuomba ruhusa kazini niende mwenyewe.

"Ngoja kwanza," kijana akasema. "Niko na wamama wawili hapa. Wanakunywa chai. Na vikapu vyao viko mlangoni, wanasema wametoka kuchuma pamoja. Huyu mwenye jiko anasema nikuulize, unatafuta mama yako wapi kwingine?"

Nyuma yake nilisikia kicheko cha mama, na juu ya kicheko hicho sauti ya mama mdogo ikimwambia kijana aketi, atapata chai yake kabla hajashusha chochote. Nilisimama ofisini na simu sikioni, machozi yakinitoka mbele ya wenzangu, nikashindwa kuwaeleza ni kwa nini.

Lile ombi langu la kufuta nimeliondoa. Bi Sauti bado anasema mama yangu anaishi jikoni kwa mama mdogo, na saa hizi za mchana ndiko aliko.