Kiberiti na Uzi wa Radi

"Uzi gani huo unaungua wote? Niambie! Uzi gani wa maana unashika moto mara moja na kwisha?"

Kaka alikuwa anaifokea simu. Ameiegemeza kwenye cherehani, tepu shingoni, jasho linamtoka.

"Usiifokee simu, kaka. Jifokee mwenyewe."

"Wewe nyamaza."

Sinyamazi. Uzi wenyewe ni wetu sote wawili. Kwenye ule mchezo wetu wa simu, Uzi wa Radi anao buibui mmoja tu, jike, anakaa juu ya mnara, na si kila ukimuua anautoa. Nimemuua mara arobaini na moja. Kwa vidole vyangu, si vyake. Kaka hana subira ya kupigana, yeye ni kushona tu, kule kama huku. Huku anapinda suruali za watu na kubadilisha zipu. Kule ndiye fundi wa kikosi kizima. Watu ambao hatujawahi kuwaona wanamwita mkuu, wanapanga foleni wapate vazi lake. Huku nani amwite mkuu? Mtaa mzima unamwita Kiberiti.

Jina kajitafutia. Kuna mwaka alishona gauni la bibi harusi. Kitambaa akaambiwa hariri, akaamini. Asubuhi ya harusi anapiga pasi, kitambaa kikajikunja na kunata kwenye chuma. Mama wa bibi harusi alisimama hapo mlangoni akamtukana mpaka matusi yakamwishia, akaanza upya. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa wala uzi unaoingia humu bila kuchomwa. Anakata kipande, anawasha kiberiti, ananusa. Ukinuka karatasi, pamba. Ukinuka nywele, hariri. Ukiganda kidonge cheusi, umeuziwa feki.

Sasa leo asubuhi buibui kautoa uzi, nikampa kaka simu. Jumamosi kikosi kinaingia Mlima wa Moto, na bila joho la uzi huo hatoki mtu hai. Joho kaahidi yeye, mbele ya wote. Mle mchezoni meza ya fundi ina mkasi, sindano na mshumaa. Mkubwa mzima kafanya nini? Kauburuta uzi mpaka kwenye mshumaa. Mchezo ukamuuliza, una uhakika? Akabonyeza ndiyo!

"Nilitaka kuchoma ncha tu," anasema.

"Ncha! Na kwenye simu ungenusa nini, kaka? Ungenusa nini?"

"Sasa mshumaa wameuweka wa nini?"

Hapo nilitaka kupiga kitu teke. Karibu yangu kulikuwa na pasi ya mkaa tu, nikajizuia.

Simu ikalia, ujumbe wa sauti umeingia. Sauti ya kamanda wa kikosi, dada mmoja mkali, nyuma yake watu wanacheka. "Mkuu, mchezo unatuonyesha umeuchoma uzi, ni kweli? Fundi gani anachoma uzi? Basi, Jumamosi tunachukua fundi mwingine."

Kaka akaisikiliza mara mbili. Akabonyeza, akarekodi.

"Fundi gani anachoma uzi? Fundi aliyewahi kuaibishwa. Mchukueni huyo mwingine. Siku joho likiwayeyukia mgongoni msinitafute."

Akatuma.

"Mara arobaini na moja, kaka."

"Nimesikia."

"Safari hii utamuua wewe."

"Nitamuua."

"Wewe? Hata buibui wa chooni unaniita mimi!"

Akavuta rola la uzi mpya, lile la sare za shule alilonunua jana, limeandikwa pamba tupu kwa herufi kubwa. Jana alikuwa na haraka, hakulichoma. Akakata kipande, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukaganda kidonge cheusi. Akanisogezea puani. Plastiki.

Nikashindwa hata kucheka.

Akatia rola kwenye mfuko, kiberiti mfuko wa shati, tepu bado shingoni.

"Mdogo wangu, kaa na duka."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa huyo muuza nyuzi. Leo atanusa yeye."

Akatoka, mlango akaubamiza.