Kireno cha Papa Luanda

Nilielewa. Nimeliandika neno hilo mwanzoni kabisa nisije nikapata nafasi ya kulizungukia. Kwa miaka mingi, kila ndugu zangu walipokutana kwenye harusi au matanga na kuniuliza tantine Zaina, shangazi yetu, alisema nini kwenye simu siku ile, nilijibu kwamba nilikuwa mtoto, kwamba Kireno kilinipita, na kwamba samahani, wali unaungua jikoni. Si kweli. Nilielewa yote isipokuwa neno moja, na hilo nitalifikia.

Kilichonifungua mdomo ni harufu. Juzi nilipeleka gauni kwa fundi, lililokuwa likinibana kiunoni kama kila kitu kinavyonibana siku hizi, na wakati nasubiri akadondosha mafuta ya cherehani juu ya pasi ya makaa. Moshi ulipopanda nilijikuta tena Kamembe, mpakani mwa Rwanda, chini ya meza ya babu yangu, kichwa karibu na kikanyagio, mwanamume mzima akiuliza kwa sauti ya darasani niko wapi.

Ilikuwa miaka ile ambayo vita vya ng'ambo ya mto, Kongo, vilikuwa vinaisha Jumatatu na kuanza tena Alhamisi. Babu alishona kanzu, sare za shule, na suruali za askari wa kila upande, mradi waache bunduki mlangoni. Zaina alikuwa bintiye wa mwisho, dada wa baba yangu. Katika msukosuko wa vita vya kwanza alisombwa na majirani waliokuwa wanakimbia, akavuka nao daraja la Rusizi kuingia Kongo, akapotea. Alirudi baada ya muda mrefu, kwa miguu, amekonda, mkononi ana kifuniko cha sufuria ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Bibi alikihifadhi kifuniko kile. Hakikutoshea sufuria yetu hata moja, na kilitumika kwenye zote.

Tangu siku hiyo Babu alishika imani moja tu: usalama uko mbali. Kwa hiyo kijana wa familia rafiki aliyekuwa na duka huko Nampula, Msumbiji, alipotuma posa pamoja na picha yake amesimama kando ya friji iliyo wazi, Babu hakumtazama kijana. Aliona nchi isiyo na milio ya risasi. Bibi aliona friji. Zaina aliitazama picha, akairudisha, akasema atafanya kama baba atakavyo. Sisi wote tulidhani amekubali.

Babu aliweka sharti moja. "Binti yangu hatatoka hapa mpaka ajue kusema iko wapi, anatoka wapi, anaenda wapi, na iko na nani. Kwa luga ya kule. Sitapoteza mutoto mara ya pili."

Mwalimu alipatikana sokoni. Papa Luanda alikuwa fundi wa saa kutoka Bukavu aliyeishi Luanda, Angola, miaka mingi, na tangu aliporudi hakuacha hata siku moja ipite bila watu kujua hivyo. Aliposikia maswali manne ya Babu, alipiga makofi. "Mzee, hiyo ni prepozisyo tu! Katika, kutoka, kwenda, pamoja na. Majina ya bintu atayakuta kule-kule."

Ndiyo maana mpaka leo Kireno changu kina ulemavu wa ajabu. Naweza kukiweka kitu chochote juu, chini, ndani au kando, mradi mtu mwingine anisaidie kujua kinaitwaje.

Masomo yalikuwa baada ya sala ya alasiri, chumba cha kushonea, mlango wazi. Kwa kuwa msichana wa kwetu hakai peke yake na mwanamume asiye ndugu, nilikalishwa pale kama mlinzi. Nilikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Papa Luanda hakupenda kuona kitu kimekaa bure, akanigeuza kifaa cha kufundishia.

Alinipandisha juu ya meza. "A menina está na mesa!" Akanisukuma chini ya meza. "Debaixo da mesa!" Alituhakikishia kwamba hata hilo neno meza ni mali ya Wareno, walilisahau pwani zamani na hawajarudi kulichukua. Siku ya tatu au ya nne alinitia kwenye gunia la mchele wa Bugarama, nusu tupu, akalifunga shingoni mwangu kama skafu.

"No saco!" akatangaza.

Bibi akaingia na chai.

"Luanda," akasema taratibu, akiweka sinia chini. "Mutoto wa bantu unamutia mu gunia?"

"Ni masomo, Maman."

"Na muchele ile, nani atakula? Ameiingilia na miguu!"

Tuliula mchele ule wiki nzima. Kaka zangu walikuwa wakinusa sahani kwanza, kisha wananitazama vidole.

Kazi kubwa ilikuwa kuunganisha. Kwa Kireno, Papa Luanda alieleza, *de*, yaani kutoka, haikai peke yake mbele ya kitu. Hushikana na kile kijineno kinachotangulia jina, vikawa kimoja, *do* kama kitu ni cha kiume, *da* kama ni cha kike. "Sawa na Kifaransa," alisema. "Unasema *de le*? Husemi. Unasema *du*. Njo vile-vile."

Mimi nililishika hilo mara moja, na sikuwa na hata chembe ya unyenyekevu. Tantine Zaina hakulishika kabisa. Alisema *de o*, akasema *em a* badala ya *na*, akavifanya vitu vya kiume vya kike na vya kike vya kiume, akacheka, akaomba msamaha, akaanza tena vibaya zaidi. Papa Luanda alijifuta jasho kwa kitambaa cha kufutia saa. Na huyu ni mtu aliyemaliza sekondari, aliyewaandikia majirani barua zao za ofisini kwa Kifaransa kisicho na doa! Nilimsikitikia. Niliona wazi kwamba akili za ukoo zilimruka yeye zikaniangukia mimi.

Nikaanza kumsaidia. Akiulizwa, nilimnong'oneza jibu. Yeye alinifinya paja. Nilidhani ni wivu. Nikanong'oneza kwa nguvu zaidi. Akafinya kwa nguvu zaidi. Wakati wa chakula nilimtangazia Babu, "Tantine hajue hata *da*!" Babu akashusha pumzi, na Zaina akainamia sahani yake akitabasamu. Tabasamu lile nililiita aibu.

Kuna somo moja tu lililonishinda. Papa Luanda alifika kwenye *por*, neno la kupita katikati ya kitu, ambalo nalo hushikana na mwenzake likawa *pelo* au *pela*. Alipita mlangoni, akapita kando ya ukuta, akapita kati ya viti, na mimi nikabaki nimeduwaa, kwa sababu siku hiyo sikuwekwa popote. Ajabu ni kwamba tantine, aliyekuwa hajali kitu, alimwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena.

Mambo yaliharibika kwa mkono wangu, tukichagua mawe kwenye mchele. Kwa ujinga wangu wa ualimu nilikuwa namtungia mazoezi, na mara moja ulimi uliniteleza, nikasema *de a mesa*. Yeye alikuwa na mawazo yake mbali, vidole viko kwenye mchele.

"*Da* mesa," akanirekebisha.

Kule kwenye cherehani, mguu wa Babu ukasimama. "Amesema sawa?"

"Sawa kabisa, Babu!" nikapiga kelele. "Amejua! Nimemufundisha mimi!"

Sijawahi kumwona mtu akiutazama mchele vile. Babu aliagiza siku hiyo hiyo Nampula ipigiwe: Ijumaa, baada ya sala, kijana apige simu amuulize binti maswali manne. Akiyajibu, safari.

Imenichukua ndoa yangu, chuo kikuu, na shahada ambayo Bibi aliiita karatasi ya kujaribia pasi, kutambua kile kilichokuwa mbele ya macho yangu. Mtu aliyejua *du* tangu utotoni hashindwi na *do*. Alikuwa anajenga ukuta kwa makosa, kosa juu ya kosa, kila alasiri, kwa subira ya fundi, ili asiambiwe tena avuke daraja lolote. Kumwambia baba yake hapana hakuweza. Baba aliyemlilia kama maiti na kumpata hai haambiwi hapana kirahisi. Na mimi, kila siku, nilikuwa nabomoa tofali lake moja nikingoja kusifiwa.

Simu ya mkononi mtaani ilikuwa moja, ya mwenye duka la sabuni, na mtandao ulishika mahali pamoja tu: juu ya katoni lililowekwa kando ya mlango. Tantine alipanda katoni. Babu na kanzu yake ya Ijumaa, Bibi, Papa Luanda aliyechana nywele kama baba wa bibi harusi, na mimi, tulisimama chini yake. Simu ikalia. Sauti ya kijana ilivuja hadi kwetu, ya upole, ikiuliza swali la kwanza. Uko wapi?

Zaina aliikaza simu sikioni. Kisha akasema, bila kukwama hata mahali pamoja:

"Estou em casa. Na casa do meu pai. Já andei pelo Congo, pelas montanhas, pela floresta. Não saio mais da minha terra. Fico aqui, com os meus."

Niko nyumbani. Nyumbani kwa baba yangu. Sitoki tena katika nchi yangu, nabaki hapa, na watu wangu. Hayo niliyaelewa nikiwa nimesimama palepale. Lile lililonipita ni *pelo*, na ndilo alilokuwa ameliomba lirudiwe: nimeshapita katikati ya Kongo, katikati ya milima, katikati ya msitu.

"Anasema nini?" Babu akamuuliza Papa Luanda.

Papa Luanda alikuwa amevua kofia na macho yamelowa. "Anasema bizuri, Mzee. Bizuri sana! Umesikia ile *pelas*?"

Babu akanigeukia mimi. Tantine naye akanitazama kutoka juu ya katoni, simu bado sikioni. Safari hii mkono wake ulikuwa mbali na paja langu.

"Anasema iko wapi, Babu," nikajibu.

Babu alinitazama, akamtazama bintiye, muda wa kutosha kuingiza uzi kwenye sindano. Akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Kijana," akasema kwa Kiswahili. "Umemusikia?"

"Nimemusikia, Mzee."

"Basi," Babu akasema, na akamrudishia mwenye duka simu yake, bila kungoja swali la pili wala kutaja safari.