Aliyebaki na Kibuyu cha Mbegu

Najua sisi tunaotembeza wageni tunasifika kwa kutia chumvi, nami yangu si haba. Lakini hili sikuliongeza hata punje. Lilinipata mchana kweupe, ndani ya pango letu huku nje ya Garsen, lile lililowekwa kwenye orodha ya turathi likatundikiwa kibao.

Historia yake naijua kwa ghibu. Zamani mto Tana ulifurika, wakulima wa kijiji chetu cha Hewani wakakimbilia humo na mbegu zao za mpunga. Maji yakapungua, wote wakarudi salama. Hapo wageni hupiga makofi.

Siku ile niliingia na watu sita. Nilipotamka "wote", sauti ikauliza nyuma yangu, kwa Kipokomo cha wazee: "Wote, mjukuu wangu?"

Nikageuza tochi. Ajuza ameketi juu ya jiwe, kibuyu mapajani. Miguu yake ina tope bichi, na haki ya Mungu ulikuwa ukame mtupu!

"Mbegu imeota?"

"Nitajuaje, nyanya?" nikamjibu, nikacheka. Mjinga mimi. Akainamisha kichwa, akalia. Nilipomulika tena, jiwe lilikuwa tupu, na wageni wakaniuliza kwa nini naongea na ukuta.

Jioni nilimsimulia mama, nyumbani Hewani. Akaacha kupepeta. Unajua, kwetu mlinzi wa mbegu ya akiba haondoki mpaka mtu wa nyumba yake aje amwambie ile ya shambani imeota. Gharika ile aliachwa pangoni dada ya nyanya yake mama na kibuyu cha akiba, isije mto ukasomba tena iliyopandwa. Mpunga ukaota, ukastawi, kila mtu akidhani mwenzake ameshamwita. Walipokumbuka, walikuta mifupa.

"Tuliona aibu," mama akasema, "ndiyo maana hatumtaji."

Kesho yake nilipeleka mche wa mpunga kutoka kitalu chetu cha kumwagilia, na tope lake, nikauweka juu ya lile jiwe. Nililia, sifichi. "Nyanya, imeota. Twende nyumbani."

Nikasikia pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

Pangoni sijamwona tena. Ila kila tukisia mbegu, alfajiri tunakuta nyayo ndogo kitaluni, na hatuzifuti. Nami wageni nawasimulia habari yake kwanza, na makofi hayapo tena.

Nawe ukisimulia ya wazee wako, usiseme "wote walirudi" kabla hujawahesabu. Usiyemhesabu anakusikia.