Santuri Isiyosema Kitu

Mimi mwoga, sifichi. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwoga zaidi, maana hapo Tabora mjini vijana wa chama walisimama njiani na mikasi, suruali ya pekosi, ile pana chini, inakatwa mwenyewe akiwa ndani yake. Muziki wa Kizungu nao ulikuwa kesi. Na mume wangu, fundi redio, si akaja nyumbani na santuri ya Kizungu! Alipewa na mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, shukrani ya kutengenezewa redio.

Afadhali angekuwemo mtu anayeimba. Zilikuwa ngoma, magitaa yanayolia kwa mbali, na upepo, upepo, upepo. Mwalimu alimwambia santuri nzima ni safari moja, mwanzo hadi mwisho, ala tupu. Mimi kila ikipigwa nywele zinanisimama. Nikamwambia, "Wewe baba, hiki kitu kitatupeleka pabaya." Akacheka, akaongeza sauti. Wanaume!

Jumapili moja, tumemaliza kula, hodi. Balozi wetu wa nyumba kumi, na mgambo wawili nyuma yake. Majuzi tu fundi viatu wa mtaa wa pili alichukuliwa hivihivi, na mkewe bado alikuwa anazunguka kumtafuta.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Fundi, majirani wanalalamika. Hebu tupigie hiyo santuri, tusikie inasema nini."

"Haisemi kitu, mzee," mume wangu akajibu. Loo! Si bora angenyamaza?

"Haisemi? Basi inaficha nini?"

Mume wangu akaweka sindano. Ule upepo ulipoanza, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni wapagazi, mzee, wale wabeba mizigo wa zamani. Wa kwetu hapa, wanakwenda pwani."

Ngoma ikaja, nikasema hapo wametwishwa pembe za ndovu. Gitaa likalia, nikasema hapo mmoja kaugua, wenzake wamegawana mzigo wake, wanaendelea. Mume wangu akanikodolea macho kama mtu aliyeoa mwehu. Lakini nilijua nikiteleza neno moja tu, wanaondoka naye.

Balozi alivua kofia akasikiliza. Santuri ikaisha, sindano ikabaki inakwaruza, hakuna aliyethubutu kuiinua. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu.

"Babu yangu aliondoka na msafara," balozi akasema taratibu. "Wenzake walirudi." Akaniangalia mimi, si fundi. "Mwanangu, huyo aliyeugua. Walimzika?"

Hata mgambo walikuwa wananisubiri.

"Walimzika, mzee," nikasema. "Tena walimsimamia mpaka mwisho."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia fundi apunguze sauti siku nyingine, majirani wana watoto. Wakatoka watatu vilevile walivyokuja, na mume wangu akabaki amekaa kwenye kiti chake.