Niliunga Mkono Mpango wa Kanisa Bila Kujua Utafukia Kisima

Admin, nifiche jina na sura, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tezo, nimeolewa hapa Malindi mjini. Nashona nguo za shule. Mume wangu ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Mimi kwa miaka tisa ndiye ninayeshika ufunguo wa kilango cha nyuma cha kanisa letu, pale penye kisima. Mabomba ya mtaa wetu yakikauka, na hukauka wiki nzima bila kuomba radhi, majirani huingia hapo kuteka maji. Wengi wao ni Waislamu. Nafungua asubuhi mapema kabla sijakaa kwenye cherehani, nafungua tena alasiri, na mwezi wa Ramadhani naongeza zamu nyingine kabla ya kufuturu. Hakuna aliyenituma. Nilianza tu, nikazoea.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mwaka huu kanisa limetengeneza mpango wa miaka ishirini ijayo. Ukumbi wa ghorofa mbili, madarasa ya watoto, ofisi, maegesho ya magari, ukuta kuzunguka kiwanja chote na geti moja kubwa lenye mlinzi. Mchoro ukabandikwa mbele, wa rangi, na miti ambayo hata hatujaipanda. Baada ya ibada ukaitishwa mkutano, mume wangu akasoma mpango, mchungaji akauliza nani anaunga mkono. Nikaruka juu kabla ya mtu yeyote. "Naunga mkono!" Makofi, vigelegele. Ukweli ni kwamba mchoro sikuutazama. Nilikuwa namtazama mume wangu alivyopendeza ndani ya suti niliyompunguza mwenyewe.

Siku chache baadaye nakwenda kufungua kilango, nakuta mafundi wamepigilia vigingi kuzunguka kisima. Nikawauliza hapa panajengwa nini. Mmoja akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Hapa ni pa magari, mama. Kisima kitafukiwa, na hiki kilango kitazibwa na ukuta." 

Nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Akanifungulia kitabu cha mpango kwenye ukurasa ulioandikwa Kuwafikia Majirani. Nikasoma kila mstari. Vipaza sauti vipya. Fulana za watu wa kutembelea nyumba kwa nyumba. Vijitabu vya kugawa Jumamosi.

"Mchungaji," nikamwambia, "hawa majirani mnaotaka kuwafikia, mbona wako mlangoni kwetu kila asubuhi na ndoo? Bi Zuhura ana miaka tisa anaingia humu."

"Anaingia kuteka maji, mama, si kusali."

"Kwa hiyo tumfungie mlango, halafu Jumamosi tukampigie hodi kwake tumevaa fulana?"

Akakohoa. "Uliunga mkono wewe mwenyewe. Kwenye kumbukumbu za mkutano jina lako limo."

Hapo alinipata. Nilitoka nimejaa hasira, nusu kwake, nusu kwangu mwenyewe.

Huyo Bi Zuhura ni jirani yangu, umri wake ni wa kunizaa. Mama yangu alipofariki, alikuja Tezo na wanawake wa mtaa na masufuria yao, akakaa nasi matangani siku tatu akimenya vitunguu. Viongozi wetu walikuja siku ya mazishi, wakaomba, wakala, wakaondoka. Basi nilipompelekea habari za kisima, nilimwamkia shikamoo nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Alinishika mkono tu, akasema, "Mwanangu, usijitie tabuni kwa ajili yetu. Kisima ni chenu. Tumestirika miaka yote hii, Mungu awalipe kheri." Nililia mbele yake kama mtoto. Angenitukana ningepata nafuu.

Kamati imeniandikia barua nirudishe ufunguo kabla ya Jumapili. Sijaurudisha. Kila asubuhi nafungua. Juzi walimtuma mzee mmoja aje kunizuia. Nikamwambia, "Baba, mbebee huyu mjamzito ndoo yake, au nipishe." Akabeba ndoo.

Nyumbani ndiko kwenye moto. Mume wangu ameniambia, "Ukisimama kunipinga mbele ya kanisa, siku hiyo hiyo naachia uenyekiti, na tusijuane mezani."

"Sikupingi wewe, baba watoto. Napinga hayo maegesho. Yasogezeni upande wa pili, ukumbi wenu uko pale pale."

"Mchoro umeshapitishwa. Na aliyeupitisha ni wewe."

Tangu hapo chakula changu hali. Anapita hotelini kula chapati, anarudi analala ameelekea ukutani. Si mtu mbaya, jamani. Kazi ya kanisa hili ameifanya kwa moyo wake wote, na mimi nampenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua yao.

Jumapili hii kuna mkutano tena. Nataka kusimama niseme mbele ya wote kwamba nilikosea, nilipiga kelele za kuunga mkono kitu ambacho sikukitazama, na leo mkono huo nauondoa. Najua watanitoa kwenye uongozi wa akina mama. Wanitoe. Atakayenishauri nirudishe ufunguo apite na komenti yake. Na atakayeniambia nihame kanisa, ahame yeye kwanza, mimi hapa ni kwangu.

Ninachouliza ni kimoja tu, hasa kwenu mlioolewa na wazee wa kanisa. Nimweleze mume wangu leo kila neno nitakalosema, ingawa najua atajaribu kunizuia, au nimwache ayasikie pale pale mbele ya wenzake, aaibike? Nishaurini, nifanye nini? Ila kusimama, nitasimama.