Ajabu Iko Wapi?

Maji ya utoto wangu yalikuwa na harufu ya majani. Kabla ya kujitwika ndoo kule bondeni, mama alikata tawi bichi akalilaza juu ya maji ili yasimwagike njiani, na yalipofika nyumbani Chilangala yalikuwa yameshika harufu ile mbichi, yenye uchungu kidogo, iliyobaki kwenye uji, kwenye chai, hata kwenye nywele zetu. Watu waliokaa karibu na maji hawaijui harufu hiyo. Sisi wa huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako mvua ikinyesha udongo unaimeza yote bila kuacha hata kidimbwi, tuliijua kama tulivyojua sauti za mama zetu. Mama alitoka alfajiri na kurudi jua limeshapanda, shingo imenyooka, anapiga soga na wenzake kana kwamba kichwani hana kitu.

Ndoo hiyo haikuwa na mchezo. Maji aliyonawia baba uso yalikingwa kwenye karai, mdogo wangu akaoshwa miguu humo humo, kisha yakanyunyizwa uwanjani ili vumbi litulie kabla ya kufagia. Maji yaliyooshewa kunde alipewa mbuzi. Tulioga tumesimama ndani ya karai, na yaliyobaki humo, yamejaa mchanga, yalipelekwa kwenye miche ya mikorosho nyuma ya nyumba, kila mche na kikombe chake. Mama aliyapangia maji yale safari bila kusema neno, nami nilimfuata nyuma na karai nikisubiri kuona yataishia wapi. Nilikuwa naona raha, sitaki kudanganya.

Nilikuwa darasa la sita, na enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, zilikuwa zimepamba moto. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda huku na malori yao, na madukani vitu vilikuwa vimerudi: sabuni za kunukia, chupa za chai zenye maua, mitumba ya kila rangi. Tandahimba lilifunguliwa banda la video, na aliyekwenda huko alirudi na mwendo mpya wa kutembea. Kila mtu alikuwa akishangaa kitu kilichotoka mahali pengine. Mimi pia nilishangaa, nilikuwa mtoto, lakini lilianza kuniudhi lile neno lililokuwa midomoni mwa wakubwa, kwamba huku kwetu hakuna kitu.

Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, akatupa insha: jambo la ajabu uliloliona kwa macho yako. Mwenye insha bora angeisoma mwenyewe Siku ya Wazazi, mbele ya kijiji kizima. Wenzangu waliandika video, lori lililopinduka, mmoja akaandika bahari ya Mtwara. Mimi niliandika safari ya ndoo moja ya maji, kuanzia kichwani kwa mama hadi kwenye mizizi ya mkorosho. Mwalimu aliniita akasema nimeandika vizuri kuliko wote ila nimekimbia mada. Hizo ni kazi za nyumbani, kila mtu anazifanya. Niandike upya kitu cha ajabu kweli, ndipo nisome mimi. Nilitaka kusoma kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshajiona pale mbele, na mama amekaa kwenye mkeka ananitazama. Nikamwambia sitaandika upya. Alirudia kuniuliza, nikamjibu vilevile, akaagiza mama aje shuleni.

Mama alikuja na khanga zake za kutokea. Mwalimu alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, akaomba asomewe hiyo insha yenyewe. Mwalimu aliisoma yote. Alipofika kwenye karai nilimwona mama anainamisha uso, nikajua aibu imemshika: nimemwanika, sasa mgeni anajua tunavyooga. Wa kuniamuru niandike video nikatii alikuwa mama peke yake duniani, na alikuwa amekaa pale.

"Sasa, Mama Somoe," mwalimu akamaliza, "ajabu iko wapi hapa?"

Mama alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayejaribu kunifananisha.

"Mimi siku zote nilijua nateka maji tu," alisema. "Kumbe kuna mtu alikuwa ananiangalia." Kisha akamgeukia mwalimu. "Asiandike upya, mwalimu. Iache hivyo hivyo."

Siku ya Wazazi ilisomwa insha ya video. Tulipiga makofi, mama naye akapiga. Iliniuma sana, na asije mtu kuniambia kwamba mtoto husahau upesi. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani mama alipunguza mwendo, akaniambia nimsomee yeye. Daftari sikuwa nalo. Nikamsomea kwa kichwa, neno kwa neno, kwa sauti ile niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya kijiji kizima, na watu waliotupita waliitikiwa salamu zao kwa kichwa tu kwa sababu mama hakutaka nikatishwe.

Leo naishi Masasi mjini na bomba liko jikoni. Nikisimulia hayo watu huniambia pole, ulikulia kwenye dhiki. Pole hiyo naikataa. Dhiki ilikuwepo, shingo ya mama inamuuma mpaka sasa, na simwombei mtoto yeyote kazi ile. Ila umaskini wetu haumpi mtu ruhusa ya kunifutia nilichokiona. Mwalimu yule aliniuliza ajabu iko wapi, na bado namjibu, popote alipo. Asubuhi nafungua bomba langu, ndoo inajaa kabla sijamaliza kufunga khanga, na kati ya ndoo zote nilizojaza katika nyumba hii sikumbuki hata moja.